Mkimbizi wa Sita

"Mwanangu, umehesabu kwa filamu ipi?"

Mzee aliyeniuliza swali hilo sote tunamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Aliuliza bila ukali, huku karatasi yangu ya maoni ikiwa bado mkononi mwake. Tulikuwa watu saba tuliokubaliana kusoma riwaya moja, kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa maoni na kuusoma mbele ya wenzake. Riwaya yenyewe ni Blade Runner 2: The Edge of Human ya K. W. Jeter, bunilizi ya kisayansi yenye misako na mapambano, iliyochapishwa mwaka 1995 kama mwendelezo wa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, ambamo askari Deckard anawasaka replikanti waliotoroka, yaani viumbe waliotengenezwa kwa mfano wa binadamu. Ukurasa wangu niliuandika kwa hasira na kuusoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Shtaka langu kuu lilikuwa kwamba mwandishi amemzua mkimbizi asiyekuwepo. Niliandika hivi: "Katika filamu hakuna mkimbizi wa sita. Hesabu inatimia. Riwaya inayoanza kwa kupotosha hesabu haiwezi kuaminiwa kwa lolote linalofuata."

Nilijua kwamba filamu hiyo ina matoleo kadhaa. Nilidhani yanatofautiana kwa urefu na kwa namna ya kumalizika tu, wala haikunijia kamwe kwamba hata hesabu inaweza kutofautiana.

Sikuwa na jibu. Swali la Mwalimu nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki sita.

Neno moja la Bryant

Usiku uleule nilitafuta toleo la kwanza, lile la mwaka 1982, nikaenda moja kwa moja hadi pale Kapteni Bryant, mkuu wa polisi, anapomweleza Deckard kazi inayomsubiri. Replikanti sita wametoroka, anasema, wanaume watatu na wanawake watatu. Walijaribu kuingia katika jengo la kampuni ya Tyrell, iliyowatengeneza, na mmoja wao akateketea kwa umeme. Mmoja. Kisha Deckard anaonyeshwa nyuso, na tangu hapo hadi mwisho anawasaka wanne: Roy, Leon, Zhora na Pris.

Sita ukitoa mmoja ni watano. Wa tano huyo, yaani wa sita katika hesabu nzima, yuko wapi? Hakuna mhusika anayeuliza.

Nikafungua toleo la mwaka 2007, ambalo ndilo peke yake nililolijua kwa moyo. Bryant yuleyule, chumba kilekile, lakini sasa anasema walioteketea ni wawili. Niliirudia sehemu hiyo mara tatu katika kila toleo, kwa sababu nilitumaini kwamba masikio yangu ndiyo yanayokosea. Hayakukosea. Kauli ya Bryant ilirekebishwa miaka 25 baada ya filamu kuanza kuonyeshwa.

Chanzo cha kosa lile ni cha kawaida katika utengenezaji wa filamu. Muswada ulikuwa na replikanti mwingine, mwanamke aliyeitwa Mary, ambaye aliondolewa, lakini maneno ya Bryant yakaachwa yakimhesabu. Kwa robo karne watazamaji wakabaki na pengo hilo, nao wakalijaza kwa bidii. Wapo walioamini kwamba mkimbizi asiyetajwa ni Deckard mwenyewe, askari anayewasaka wenzake bila kujua yeye ni nani. Nadharia nzima imejengwa juu ya maneno ambayo hakuna aliyekumbuka kuyafuta.

Jeter alilichukua pengo hilo akaliandikia riwaya. Hakuzua kitu. Aliisikiliza filamu kwa makini kuliko mimi, akaona mlango uliosahauliwa wazi, akaingia. Miaka kumi na miwili baadaye wenye filamu walirudi wakaufunga, naye akiwa bado ndani.

Riwaya haikupotosha hesabu. Hesabu ndiyo iliyobadilishwa baada ya riwaya kwisha kuandikwa.

Kupima kwa mizani inayosogea

Nilipotambua hilo nilidhani nimemaliza. Ningefuta mstari mmoja katika ukurasa wangu, ningemwomba Mwalimu radhi, na mengine yote yangebaki kama yalivyo. Lakini nilipoanza kuyapitia maoni ya wenzangu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ametugawia nakala, niliona kwamba tatizo langu lilikuwa pia tatizo lao, ila katika sehemu nyingine.

Mmoja wetu alikuwa amelalamika vikali juu ya Rachael, replikanti aliyependana na Deckard. Riwaya inaanza Deckard akiwa kibandani mafichoni, na Rachael amelazwa katika kasha linalomlaza usingizi mzito ili siku zake chache zisiishe haraka. "Hili si kweli," mwenzetu aliandika, "kwa sababu filamu inasema wazi kwamba Rachael hana siku ya kufa." Na kweli inasema, katika toleo la mwaka 1982, ambamo wawili hao wanaonekana mwishoni wakisafiri kwa gari kati ya milima ya kijani, na sauti ya Deckard inatueleza kwamba Rachael aliumbwa tofauti. Toleo la mwaka 1992 liliondoa sauti hiyo pamoja na milima yake. Linaishia kwenye mlango wa lifti, na baada ya mlango huo kufungwa hatuahidiwi lolote. Riwaya iliyochapishwa mwaka 1995 inaanzia kwenye mlango huo.

Kwa hiyo mwenzetu alimlaumu Jeter kwa kutofuata toleo la kwanza, nami nikamlaumu kwa kutofuata toleo ambalo lilikuwa halijatengenezwa. Kila mmoja wetu alisema "filamu" kana kwamba anataja kitu kimoja kilichosimama mahali pamoja.

Isitoshe, Jeter alikuwa na deni kwa kitabu pia. Kabla ya filamu kulikuwa na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, na Jeter alikuwa rafiki wa Dick. Ndani ya riwaya ile ya kwanza kuna mtu mpweke aitwaye Isidore, ambaye nafasi yake katika filamu ilichukuliwa na Sebastian, fundi mgonjwa anayeishi na vikaragosi vyake. Katika The Edge of Human wote wawili wapo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni vurugu, mwandishi ameshindwa kuchagua. Sasa naona kwamba alikuwa akijaribu kushona vitambaa viwili ambavyo wenye navyo walikwisha kuviacha mbalimbali, na ushonaji wa namna hiyo hauwezi kukosa mikunjo.

Kilichosemwa na kilichoonekana

Sitaki nieleweke kwamba nimeyafuta maoni yangu yote. Kuna jambo ambalo bado silikubali, na nimemwambia Mwalimu hivyo mara mbili.

Riwaya inadai kwamba Pris alikuwa binadamu. Hapa hakuna toleo litakalomwokoa Jeter. Katika kila toleo Pris anatumbukiza mkono katika maji yanayochemka, anatoa yai, anamrushia Sebastian, na mkono wake hauna hata alama. Nimeuona mkono huo kwa macho yangu. Mwandishi anayeniambia kwamba ni mkono wa binadamu ananitaka niyakane macho yangu, na ingawa nilikuwa tayari kumfuata mbali, huko sikuweza.

Shtaka la pili, ambalo wanne kati yetu tuliliandika, lilihusu Sebastian. Riwaya inamleta akiwa hai, wakati katika filamu Bryant anamwarifu Deckard kwa redio kwamba mwili wake umekutwa pamoja na wa Tyrell, mwenye kampuni. Hapo Mwalimu alisimama kidete. "Mwili mmeuona?" alituuliza. Hatukuuona. Tulichonacho ni sauti ya askari ndani ya redio, askari ambaye tangu mwanzo hatujapewa sababu yoyote ya kumwamini. Nilibisha kwa muda mrefu, na kusema kweli sikubisha kwa hoja, nilibisha kwa mazoea.

Lakini swali lile lilinipa kipimo ambacho nimekuwa nikikitumia tangu siku hiyo. Riwaya inayofuata filamu ina haki ya kugombana na lolote ambalo mhusika amelisema, kwa maana wahusika husema uongo, husahau, hutumwa, hukosea. Haina haki hiyo kwa kile ambacho kamera imekionyesha mbele yetu sote. Kwa kipimo hiki Sebastian anaweza kuwa hai, na Pris hawezi kuwa binadamu. Mkimbizi wa sita naye anaruhusiwa kabisa, maana tangu awali hakuwa chochote ila neno katika kinywa cha Bryant.

Mwalimu hakukubaliana na kipimo changu. Alisema kamera nayo huamua nini kisionekane. Hilo tumeliacha hapo.

Wasiohesabiwa

Katika maoni ya wasomaji wa riwaya za aina hii kuna neno ambalo hurudi kila mara, nami nimelitumia kwa miaka mingi bila kulifikiria: rasmi. Riwaya fulani si rasmi, kwa hiyo haihesabiki, kwa hiyo hakuna haja ya kuisoma.

Nimejaribu kufuatilia neno hilo limefanya kazi gani. Mwaka 1968 Arthur C. Clarke aliandika riwaya ya 2001: A Space Odyssey, ambamo chombo cha anga kinakwenda Zohali, huku filamu iliyotengenezwa sambamba nayo ikikipeleka Mshtarii. Alipoandika mwendelezo mwaka 1982 aliifuata filamu, akakiacha kitabu chake mwenyewe. Hata mwandishi aliyeshiriki kukibuni kisa tangu mwanzo alitii picha badala ya maneno yake.

Wale waliokodishwa kuandika baadaye hawakuwa na nguvu hata hizo. Katuni za Aliens zilizoanza mwaka 1988, zikitokana na filamu ya jina hilo, ziliendeleza maisha ya Newt, yule mtoto aliyeokolewa, na ya askari Hicks. Mwaka 1992 filamu ya tatu ilianza kwa kuwaua wote wawili. Mwaka huohuo katuni zile zilipoandikwa upya na Steve Perry kuwa riwaya, wahusika wale waliitwa Billie na Wilks. Historia yao, majeraha yao na ndoto zao mbaya zilibaki, majina yakaondolewa. Msomaji anayejua anasoma Newt kila penye Billie, na mwandishi anajua kwamba msomaji anajua.

Mwaka 1999, katika riwaya ya Vector Prime ya R. A. Salvatore, mojawapo ya riwaya za Star Wars, Chewbacca, mwenzake Han Solo katika filamu, aliuawa mwezi ulipoangukia sayari aliyokuwa juu yake. Alibaki nyuma baada ya kumwokoa mtoto wa Han Solo. Mwenzetu mmoja aliisoma akiwa kijana, na anasema hakuweza kuendelea na kitabu kwa siku kadhaa. Wasomaji wengi walikasirika, wengine wakamwandikia mwandishi barua za chuki. Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm, yenye Star Wars, ilitangaza kwamba riwaya zote za miaka ile zitawekwa kando na kuitwa hekaya, na mwaka uliofuata Chewbacca alionekana tena kwenye sinema, mzima.

Nilimuuliza mwenzetu alijisikiaje alipomwona. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema alifurahi, na palepale akahisi kama mtu aliyekaa matanga kisha akaambiwa hapakuwa na msiba.

Jibu lake lilinisumbua kuliko nilivyotarajia, kwa sababu huzuni ya msomaji haifutwi kwa tangazo. Ilikwisha kutokea. Alikwisha kuufunga mlango, akakaa kitandani na kitabu magotini. Neno "rasmi" linaweza kuamua ni kisa kipi kitaendelezwa na kampuni, na kampuni ina haki hiyo, lakini sisi wasomaji tumelichukua neno hilo la wenye mali tukalifanya kipimo cha ubora wa kitabu, na baya zaidi, kipimo cha nani ana haki ya kutoa maoni.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binti.

Ukurasa wa mwisho

Anayetaka kuisoma riwaya bila kujua mwisho wake aiache sehemu hii.

Mdogo kuliko wote kati yetu ni binti ambaye shangazi yake ndiye aliyemleta kikundini. Hakuwa ameiona filamu. Ukurasa wake ulisomwa mwisho kabisa, saa tulipokuwa tumechoka na kila mtu bado akimjadili Pris. Hakumtaja Bryant. Hakumtaja Sebastian. Hesabu ya wakimbizi haikumgusa hata kidogo. Aliandika juu ya Sarah peke yake, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Hiki ni kisa cha mwanamke aliyenyang'anywa uso."

Sarah Tyrell hayumo katika filamu. Ni mpwa wa Eldon Tyrell, na ndiye binadamu ambaye Rachael alitengenezwa kwa mfano wake. Ndiye anayemfuata Deckard kibandani na kumpa kazi ya kumtafuta mkimbizi wa sita. Mwishoni tunajua kwamba mkimbizi huyo hayupo wala hakuwahi kuwepo. Sarah ndiye aliyeutunga na kuulea uvumi huo ili aiangushe kampuni ya mjomba wake, aliyemfanyia nakala kisha akamtelekeza. Kampuni inaanguka. Rachael anauawa. Mwanamke anayetoroka na Deckard, ambaye Deckard anadhani ni Rachael, ni Sarah.

Yaani riwaya niliyoishutumu kwa kumzua mkimbizi wa sita ndiyo inayosema kwamba hayupo. Nilikuwa nimeisoma hadi ukurasa wa mwisho, na nikaandika maoni kana kwamba sikuvuka sura ya pili, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imekwisha kukamilika hapo.

Toleo la mwaka 2007 lilimwondoa mkimbizi kwa kubadilisha neno moja. Jeter alikwisha kumwondoa miaka kumi na miwili kabla, kwa kueleza nani alihitaji awepo na kwa nini.

Binti aliyaona hayo yote. Aliandika kwamba Sarah hamchukii Rachael kwa kuwa nakala, anamchukia kwa sababu watu wanaipenda nakala na hawana habari na yeye, na kwamba ushindi wake ni mchungu kuliko kushindwa, kwa kuwa ili apendwe imembidi ajifanye nakala ya nakala yake. Sisi tuliokuwa na filamu kichwani hatukumwona Sarah. Kwetu alikuwa chombo cha kumtoa Deckard mafichoni, mgeni asiyekuwemo katika hadithi tunayoijua, na macho yetu yalimpita ili yawafikie wale tuliowazoea.

Na tulimjibu nini binti? Tulimpongeza. Kisha mmoja wetu akamwambia kwa upole kwamba ameandika vizuri, lakini ingefaa aione filamu kwanza ndipo aweze kuihukumu riwaya.

Aliyemwambia hivyo ni mimi.

Alinijibu, "Sawa, kaka," akaikunja karatasi yake mara mbili na kuitia mkobani. Swali la Mwalimu lilinikosesha usingizi kwa sababu ya makosa ya hesabu. Karatasi ile ilinikosesha usingizi kwa sababu nyingine, ambayo ilinichukua muda mrefu zaidi kuitambua.

Jioni ya filamu

Wiki iliyopita tulikutana tena, safari hii kuitazama filamu pamoja. Mwalimu alileta toleo la mwaka 1982. Kabla hatujaanza nilimwendea binti, nikamwambia kwamba ushauri niliompa siku ile haukuwa sahihi, na kwamba ukurasa wake ndio pekee kati ya kurasa saba uliozungumzia kitabu tulichokisoma. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kama Sarah ataonekana. Nikamwambia hapana.

Taa zilizimwa. Bryant alisema sita, akasema mmoja, na Mwalimu, bila kugeuka, aliinua kidole kimoja hewani ili nikione.

Kisha Deckard akafika kwa Tyrell. Bundi wa bandia akaruka kuvuka ukumbi ule mkubwa wenye mwanga wa jua, na nyuma yake zikasikika hatua za viatu vya kike, na Rachael akatokea gizani akija upande wetu, nywele zimebanwa, akimuuliza mgeni wake kama amempenda bundi wao.

Binti alikuwa ameketi mbele, magoti ameyakumbatia. Alisogea karibu zaidi na skrini.

"Sarah," alisema kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyemsahihisha.